Ute wa Kahawa

Kijiti hakuwa na buti zisizovuja. Hakuwa na koti la mvua, wala meno ya kutafunia upande wa kushoto, wala msaidizi tangu yule wa mwisho aachishwe kazi. Hakuwa hata na chumba, maana kile alicholala na mkewe nyuma ya stoo kilikuwa mali ya kiwanda. Na siku ile tangi lilipoiva, hakuwa na maji.

Jina la Kijiti alipewa kwa wembamba wake na kwa ule mti aliotembea nao. Kazi yake ilikuwa kuchachusha kahawa. Matunda yakishamenywa, mbegu hubaki na ute unaoteleza kama sabuni. Hulazwa tangini, vijidudu vikala sukari ya ule ute na kutoa asidi. Zikichacha kwa kiasi, kinywaji hupata uchangamfu wa tunda bivu. Zikipitiliza, siki huingia ndani ya mbegu, na hapo hakuna jua wala moto wa kuitoa. Kijiti huchomeka mti wake katikati ya rundo na kuuchomoa. Tundu likibaki wazi, kahawa ioshwe mara moja.

Siku ile tundu lilibaki wazi. Akafungua bomba, likakohoa, likatoa hewa. Dizeli ya pampu ilikuwa imechukuliwa na meneja kuendeshea jenereta kwenye harusi ya binti yake.

"Subiri, mzee, mafuta yako njiani," meneja alisema kwenye simu, muziki ukivuma nyuma yake.

Kijiti akahangaika. Akafunika tangi kwa magunia yaliyolowa ili alipoze, kumbe amelivisha blanketi. Maji yalipofika kesho yake, tangi lilikuwa likinuka kitunguu kilichooza.

Sasa kahawa ile ilikuwa imekauka, na mwonjaji kutoka mjini alikuwa amekuja. Akakaanga kidogo, akasaga, akamwagia maji ya moto. Akavuta funda moja kwenye kijiko kwa kishindo, akatema ndooni.

"Siki," alisema. "Hii imesahauliwa tangini. Pole, mzee."

Alipoondoka, meneja alifunga mlango wa ofisi.

"Kijiti, wewe una mwandiko mzuri. Waandikie chama kikuu cha ushirika. Sema wakulima wa kilimani walileta matunda yaliyolala kwenye magunia."

"Hayakulala, bwana. Nimeyapokea mwenyewe, yana umande."

"Umande umeshakauka. Nani atauona?"

"Tukiandika hivyo watafungiwa mlango msimu mzima."

"Wapeleke kwingine."

"Kwingine wapi? Kiwanda ni hiki kimoja."

Meneja akachezea kalamu. "Na nani alifunika lile tangi? Mimi? Tukianza kuulizana, tutaanzia hapo. Kile chumba chako kina watu wanakililia, mzee. Barua iondoke na basi la jioni, ina sahihi yako."

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa kaketi kizingitini, kapu la matunda mekundu miguuni.

"We Kijiti, umekonda mpaka kivuli chako kinaona haya."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karani wa mizani anatutangaza huko. Ati kahawa yetu ilifika mbovu." Alinyoosha vidole vyake, vyeusi kwa utomvu. "Nilichuma tunda moja moja, kijani naliacha mtini. Ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

"Basi kawaambie."

"Nikiwaambia, tutalala wapi?"

Dada alitazama ndani, alimokuwa wifi yake akipepeta mchele, kisha akainuka na kujikung'uta vumbi. "Mimi sijakwambia utoke kwenye nyumba, mdogo wangu. Nimekuuliza tu kama ilikuwa mbovu."

Akaondoka zake, kapu akaliacha.

Kijiti aliandika juu ya ndoo iliyopinduliwa. Matunda yalifika mazuri, yana umande. Maji hayakuwepo kwa sababu dizeli ilikwenda harusini. Kahawa iliharibika mikononi mwetu. Mkewe aliisoma akiwa amesimama.

"Na yale magunia uliyofunikia tangi?"

"Nimeyaandika huko chini."

Akaisoma hadi chini. Akamrudishia, kisha akaanza kushusha sufuria zilizoning'inia ukutani, moja moja, akizipanga ndani ya beseni.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa. Kijiti aliilamba, ikafunguka. Akailamba tena, ikafunguka. Akachukua tunda kapuni, akalibinya. Mbegu zikamtoka na kuangukia sakafuni, ute ukabaki kidoleni. Akaupaka kwenye ukingo wa bahasha, akagandamiza kwa dole gumba mpaka ukashika.

Basi lilimkuta barabarani. Kondakta alipokea bahasha, akavipangusa vidole kwenye suruali.

"Mbona inanata, mzee? Umeipaka nini?"

"Kahawa ya kilimani," alisema Kijiti. "Inuse."

Kondakta akainusa. "Mbona tamu?"

"Ipeleke hivyo hivyo."