Punje za Baridi

Nyamizi anasinzia mchana, mgongo ameuegemeza ukutani penye ndoo za sabuni, mapajani amepakata vazi la mpira la kaka yake Masanja, analolifua kila siku. Masanja hulivaa anapojaza mafuta kwenye injini za setilaiti, mafuta ya zamani, ambayo mvuke wake ni sumu na umeshaanza kumla mapafu. Leo yanajaribiwa mafuta mapya yasiyo na sumu ile. Yakigoma kuwaka, wakubwa wamesema, wanarudia yale ya zamani. Macho yanajifumba, na kumbe yuko barabarani, amebeba dumu la mafuta mapya, na barabara inajikunja, inaingia mji wa vioo, inatoka, inaingia mji ule ule uliogeuka, kushoto kumekuwa kulia. Mbele yake anatembea mtu aliyevaa vazi kama la Masanja, ila ndani ya kofia hamna uso. Tunakwenda wapi, Nyamizi anamuuliza. Kwa mlaji asiye na meno, anajibu, wala hageuki. Wanatembea, dumu linazidi uzito, na mwisho wa kila mtaa inawangoja injini moja, ndogo kama kikombe, na watu madirishani wanamcheka. We mfua nguo, mimina, au unangoja upigiwe vigelegele? Yale ya zamani tulifungua bomba tu, yakawaka. Nyamizi, ambaye hata dukani huomba chumvi kwa kunong'ona, anaona haya, anamimina. Injini inalowa, inatoa moshi mwembamba, inanyamaza. Mji unageuka, injini nyingine, anamimina, inalowa. Dumu linakaribia kuisha, na kutoka kwenye vioo vyote anamsikia Masanja akikohoa. Nifanyeje, anamlilia yule asiye na uso. Mgeni wa zamani alilala popote, anasema. Huyu wa sasa hapandi kitanda cha baridi. Nyamizi anaingiza kidole ndani ya injini, anazigusa punje zinazoyaamsha mafuta yawake. Zina baridi kama mawe ya mtoni.

Anashtuka. Ndoo, sabuni, jua sakafuni. Kule kwenye meza ya majaribio Masanja amesimama bila barakoa, maana mafuta mapya hayaihitaji, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka tisa, unakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya bomba. Kaka, subiri. Sauti inatoka kubwa kuliko mwenyewe. Nini tena, mdogo wangu, umeota? Punje hujazipasha moto. Injinia Tabu, anayesimamia jaribio, anacheka, anatupia jicho kipimo, anaacha kucheka. Nyuzi ishirini na sita, anasema, zinatakiwa mia tatu. Masanja, ulitaka kutuloweshea injini. Masanja anaurudisha mkono taratibu, anawasha kipasha moto, na wanangoja, sitini, mia na kumi, mia mbili, hakuna anayeketi. Mia tatu. Anafungua. Injini inapiga mluzi, inang'aa, haizimi. Masanja anavuta pumzi ndefu mpaka kifua kinajaa, anaitoa, anavuta nyingine, hakohoi. Hakohoi kabisa, na hapo ndipo Nyamizi anapoingiwa na wasiwasi kwamba bado anaota, hatikisiki pale alipo, asije mtu akamgusa bega akamwamsha.