Upande wa Dirishani

Bi Hamdiya alikuwa mwalimu wa mirathi katika shule moja ya Kiislamu Mchafukoge, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa. Mwaka huu mwalimu mkuu, Ustadhi Humoud, alileta utaratibu mpya: walimu waingie darasani kwa wenzao, watazame, kisha wakae pamoja walizungumze somo. Wengine walifurahi. Yeye aliogopa, maana tangu Ramadhani sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa na hakumwambia mtu. Alijua wakigundua, ataambiwa akapumzike.

Zamu yake ilipofika, Ustadhi Bakili na Bi Anifa walikaa nyuma. Hamdiya aligawa urithi ubaoni, mjane akimpa thumuni, yaani sehemu moja ya nane, akauliza, akajibiwa. Akadhani mambo yamekwenda vizuri.

Baada ya sala ya adhuhuri walikutana ofisini.

"Somo nimelielewa hata mimi," alianza Anifa, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. "Ila Najma, yule wa dirishani, kauliza mara mbili kwa nini mjane kapata thumuni. Hukumjibu, mama. Akainamia meza mpaka mwisho."

Hamdiya alitaka kuzisingizia spika za wauza nguo kule chini. Badala yake aligusa sikio la kushoto.

"Sikumsikia," alisema. "Upande huu sisikii kabisa."

Bakili alishusha pumzi. "Niwie radhi, Bi Hamdiya. Mimi nilidhani wa upande ule huwapendi. Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa mtaniondoa."

"Tukuondoe, halafu mirathi afundishe nani?"

Wakacheka wote. Wakakubaliana meza zipangwe nusu duara, na mwenye swali asimame. Anifa naye akaomba: "Darasa langu linasinzia. Njoo unitazame, uniambie napotea wapi." Ustadhi Humoud alipoelezwa, alichouliza ni kama Hamdiya ameshamwona daktari wa masikio.

Kipindi kilichofuata Najma alisimama. Hamdiya alimsikia vizuri.

"Kapata thumuni kwa kuwa marehemu kaacha watoto," alimjibu. "Asingeacha, mjane angepata robo."

Najma hakuketi. "Mwalimu, nilidhani umenikasirikia."

"Sijawahi, mwanangu. Sikio tu linanisumbua."

Mikono ikainuka upande wote wa dirishani. Kengele ililia maswali hayajaisha, na Hamdiya akatoka darasani amechoka, lakini mwepesi kama aliyetua mzigo.