Kofia ya Leo

Kofia iliteleza hadi kwenye nyusi, na chupa ya maji ikanyamaza.

"Bibi, hii umemfumia nani? Baba yake?" Sista alitania, lakini vidole vyake havikuwa na utani. Aliurudisha mrija puani mwa kichanga, akaushikilia. Maji yakaanza tena kububujika.

Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ametolewa mpira wa kooni. Daktari alisema ziko njia mbili za kumsaidia apumue. Upo mrija mwembamba unaopuliza hewa kwa kasi, kama wa mtoto wa kitanda cha pili, na upo huu mnene, ambao mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji; mapovu yakikoma, hewa haimfikii.

"Yule ni mkubwa kidogo. Huyu mapafu yake bado yananywea, tumwanzishe na wa mapovu. Akishindwa, tutarudisha mpira kooni."

Mrija ulihitaji kofia ya kuushika, na kofia ndogo za wodi zilikuwa zimekwisha. Bibi, mfumaji wa masweta ya shule, akakimbilia sindano zake.

"Niliizidisha kidogo akue nayo," alijitetea. Masweta yote aliyafuma hivyo, mikono ya kukunja, na wazazi walimshukuru.

"Mama nawe!" Mkwe wake, mama wa mtoto, alicheka, machozi yakimlenga. "Mwache kwanza aimalize leo."

Bibi alizungusha uzi kwenye kichwa kile kisichozidi chungwa, akafunga fundo la kipimo, kisha akaifumua kofia yote.

"Fanya haraka, Bibi, vidole vinakufa ganzi."

"Vumilia, mwanangu. Mjukuu wangu akikua atakununulia vingine."

Sindano zilikimbizana. Midomo yake ilihesabu na kuomba kwa pumzi moja: mbili juu, mbili chini, Mungu wangu usimwache, mbili juu.

Kofia ikaingia, ikabana. Sista akaachia kidole kimoja. Akaachia cha pili. Wote watatu wakaigeukia chupa.

Ikabubujika.

Jioni daktari alikitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka bila papara. "Ule mpira ubaki huko huko kabatini," alisema, akapita.

Uzi ulikuwa umebaki. Bibi akaanza kufuma upya, duara pana zaidi.

"Na hiyo ya nani tena, mama?"

"Ya kesho." Bibi hakuinua macho. Alikuwa akiisikiliza chupa, na sindano zilikwenda kwa mwendo wa mapovu.