Tofali la Kwanza la Nyumba ya Nanjala

Jumatatu asubuhi Linet Eriaku, msanifu wa majengo, alishuka bodaboda Busibwabo, michoro ya nyumba kwapani, akakuta mafundi wameketi juu ya matofali wakinywa uji. Matofali yenyewe yalikuwa ya udongo wa hapo hapo, yameshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini. Hakuna tanuri, hakuna mti uliokatwa. Hii ilikuwa nyumba ya mfano. Ikisimama, chama cha akina mama kingejengea kila mwanachama nyingine kama hiyo. Isiposimama, basi, kila mtu angerudi kuchoma matofali na kuokwa chini ya mabati.

"Mbona hamjaanza?"

"Madam, nani ataweka la kwanza?" aliuliza Boaz, fundi mkuu. "Huyu mama Nanjala ni mjane."

Huko nyumba huanzwa na mwanamume wa boma. Aliyebaki ni Oduori, shemeji ya Nanjala, naye alikataa katakata. Alikuwa amekitolea macho kiwanja hicho tangu matanga. Linet akachemka. Akaokota tofali, akamtia Nanjala mkononi.

"Weka, mama."

Boaz akalaza mwiko chini. Wenzake wakalaza yao. Siku nzima ikapotea hivyo.

Jioni Makokha akaja. Makokha ni mume wa Nanjala, aliyezikwa mwaka juzi nyuma ya migomba. Alivaa suti aliyozikwa nayo, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya matope. Akasalimia kila mtu, akauliza habari za mvua, akaliweka tofali.

"Iko level, mzee," alisema Boaz. Kazi ikaanza.

Akawa anakuja kila jioni. Linet alimweleza kwa nini ukuta wa magharibi hauna dirisha, kwa nini paa limetokeza sana, na jinsi hewa ya moto inavyotoka kwa matundu ya juu. Makokha alielewa upesi. Shida ni kwamba akiingia ndani kipimajoto kilishuka, kwa hivyo Linet alimwomba angojee nje wakati wa kupima. Nyumba ya watu wote haiwezi kutegemea marehemu. Hata bila yeye, jua likiwaka vipi, ndani mtu alikaa na sweta.

"Kazi safi," alisema Makokha. "Na mimi nilichoma miti yangu yote kwa tanuri, wacha tu."

Jioni ya kukabidhi nyumba, akina mama wa chama walijaa uani kwa vigelegele, Makokha naye kati yao. Linet akampa Nanjala ufunguo. Oduori akakohoa.

"Pole pole, dada. Nani alianza hii nyumba?"

"Makokha," wakajibu mafundi.

"Basi ni ya Makokha."

Makokha akauchukua ufunguo mkononi mwa mkewe. Hakuwa mtu mbaya, hata alipokuwa hai, ila kila kitu chake alikuwa akimwachia ndugu yake. Akampa Oduori, akasema giza linaingia, akaondoka.

"Hata wewe!" Nanjala alimfokea. "Hata ukiwa umekufa!"

Oduori akamruhusu Nanjala alale chumba cha nyuma.

Linet alilia kwa hasira juu ya bodaboda mpaka Malaba, akipita malori yaliyopanga foleni. Kesho yake akarudi. Chama kilikuwa kimeikubali nyumba, na ya pili ilikuwa ya Winny, mjane ambaye mumewe alizama Mto Sio. Linet akampa tofali. Boaz akalaza mwiko. Safari hii hawakungojeshwa hadi jioni: kutoka upande wa mto mwanamume aliyelowa chapachapa alikuwa tayari anapandisha njia, suruali ameikunja.

"Haraka, mama!" Linet alisema.

Winny akapiga magoti, akaliweka tofali, tena vizuri kabisa. Mumewe akafika, akasalimia, akaliinua, akaliweka tena pale pale.

"Haya, tuanze," alisema Boaz.

Linet akajifuta matope, akauliza nyumba ya tatu ni ya nani.