Munyiva Akumbukwa Mbele ya Chifu

Kilonzo alipoiona ile kofia ya kaki ikiinama kupita chini ya turubai, alijua ni chifu. Hakuna aliyemwalika chifu. Lakini mtu kama chifu Ndungu haalikwi. Anakuja tu, tena na askari wake wawili, na watu wanainuka kumpisha kiti cha mbele. Ndivyo ilivyokuwa pale Waithaka, mwaka wa sabini na nne, kwenye ibada ya kumkumbuka Munyiva, mke wake Kilonzo.

Waliombea chini ya turubai kwa sababu kanisa halikuwepo tena. Munyiva alilijenga na akina mama wenzake. Kila akitoka Kitisuru kufua nguo za watu, alipita kwenye majengo akiomba vipande vya mabati, akaja navyo kichwani. Halafu asubuhi moja ya masika likaja tingatinga, likaliangusha. Wakubwa, chifu akiwa mbele, walisema kiwanja kina mwenyewe. Mwenyewe hajaonekana mpaka leo, na pale pameota magugu tu. Munyiva alilala nje kwenye mvua akilinda viti vya kanisa, eti nyumba ya Mungu haiachwi hivi hivi. Kifua kikamkamata, na hakupona.

Basi aliyemuua ni nani, kama si aliyelituma tingatinga? Kilonzo aliishia darasa la pili, lakini hilo halikutaka shule. Taabu ilikuwa kulisema. Jirani yao Odhiambo aliuliza swali hilohilo kwenye baraza la chifu, askari wakambeba palepale. Miezi ilipita kabla hajarudi, na aliporudi alikuwa mtu wa kuitikia "sawa" kwa kila kitu, hata ukimwuliza amekula nini.

"Baba," Kasyoka, binti yake, alimnong'oneza akimvuta koti. Nyuma yake walikaa watoto wake watatu, wajukuu waliolelewa na Munyiva. "Nakuomba. Sema alikuwa mama mwema, kisha ukae."

"Kwani nimesema nitasema nini?"

"Nakujua. Tangu jana unatafuna midomo. Wakikuchukua, hawa nitawalea na nani?"

Mukonyo, mzee wa kanisa, naye akasogea. "Baba Kasyoka, mambo ya tingatinga tumwachie Mungu, eh?"

"Wewe ulikuwa wapi siku ile?"

"Nyuma ya choo," Mukonyo alisema bila haya. "Na ningekuwepo mpaka sasa kama kungekuwa na chakula."

Chifu akasimama, akakohoa. Alisema Munyiva alikuwa raia mtiifu. Alisema maradhi ni kazi ya Mungu, hayana wa kulaumiwa. Kisha akakaa, akamwelekezea Kilonzo fimbo yake. "Mzee naye atuambie habari za marehemu. Kwa ufupi."

Kilonzo alisimama. "Munyiva alikuwa..." alianza, akaona rungu la askari, akaishia hapo. Akainamisha kichwa ili wasiyaone macho yake.

Mama Nzembi, aliyekuwa haoni vizuri, alidhani ameanza kusali. "Tuombe!" akapaza sauti.

Wote wakainama. Chifu akavua kofia, na askari nao wakavua. Kwa watu wa kanisa lile sala haikatizwi mpaka anayesali aseme Amina, hata kama ugali unaungua jikoni. Munyiva alikuwa akimsema Kilonzo hivyo, anamweleza Mungu habari za pombe yake kwa kirefu, na mumewe amefumba macho akingoja Amina.

"Mungu wa Munyiva," Kilonzo alisema, maana yeye na Mungu walikuwa hawajaongea miaka mingi. "Wewe unajua hakufa kwa maradhi tu. Alinyeshewa. Alinyeshewa kwa sababu nyumba yako ilivunjwa. Na aliyetuma watu waje kuivunja yuko hapa, mbele yako, amefumba macho."

"Ndiyo, Bwana," akina mama waliitikia.

Kiti cha mbele kikalia. Neno limeshatoka, halirudi. Na akimaliza tu, macho yote yatafumbuka. Basi Kilonzo akaogopa kumaliza. Akamweleza Mungu jinsi Munyiva alivyokuwa akimega chapati yake ili kila mjukuu apate. Akamweleza alivyovaa viatu vya marehemu mwajiri wake, vikubwa, na kuvijaza magazeti. Kwamba aliwaombea hata waliomwibia sufuria, ila aliomba pia waungue vidole kidogo. Wengine walicheka na macho wamefumba. Kilonzo akaendelea, na kila neno la Munyiva alilolikumbuka akalitoa, asiache kimya kiingie.

Maneno yakaisha. Akafumbua jicho moja.

Chifu hakuwa amefumba. Alikuwa anamtazama yeye, kofia mkononi.

Kilonzo alifumba haraka. Akawataja wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, akamwomba Mungu awatunze babu yao akichukuliwa, na mama yao pia. Akavuta pumzi.

"Amina," akasema.