Nchi Isiyo na Ndugu

Spés aliweka sharti moja tu: waende nchi yenye joto, lakini isiyokuwa na ndugu hata mmoja.

Mumewe, Gaspari, alilikubali hapo hapo. Mwanzoni mwa mwaka huo, 2015, walikuwa wamekwenda Kasulu kumtembelea dada yake Spés, wakaiita likizo. Walibeba masanduku ya nguo za watu, wakalala sebuleni, wakazungushwa nyumba hadi nyumba kunywa soda na kusikiliza shida. Siku ya kuondoka, binamu mmoja alivisifu viatu vya Gaspari, akavisifu tena, mpaka ikawa aibu kuendelea kuvivaa. Gaspari alitua uwanja wa ndege wa Buffalo, Marekani, theluji imefika magotini, yeye miguuni ana ndala.

"Safari hii nataka kuwa mtalii," Spés alisema. "Mtalii kabisa. Nipige picha ndege. Nile chakula ambacho sikukipika. Asiniulize mtu nimemletea nini."

Walikuwa Warundi wote wawili, wamekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wakaja kukutania kwaya ya kanisa huku Buffalo. Gaspari alipakia maboksi kwenye ghala. Spés alikunja mashuka kwenye hoteli ambako wengine walikuja kupumzika. Jioni, shifti zikiisha, walijilaza kitandani, kompyuta katikati yao, wakatazama picha za bahari huku bomba la kupasha joto chumba likigonga ukutani kama linataka kutoka.

Walianza na Jamaika. Kosa la Gaspari lilikuwa kumwambia mama yake, Elisabeth, aliyeishi Louisville.

"Jamaika!" mama alifurahi kwenye simu. "Si ndiko aliko Sista Kampire?"

"Sista nani?"

"Binti wa shangazi yake marehemu baba yenu. Yuko kwenye nyumba ya watawa. Atashukuru mkimpelekea unga wa muhogo. Na blanketi."

"Mama, kule ni joto."

"Mtawa naye huumwa homa."

Jamaika ikafutwa. Wakahamia Kosta Rika, na huko mama akampata Birindwa, mtoto wa jirani yao wa kambini, aliyepita kule akielekea kaskazini, akapenda, akaoa.

"Jirani si ndugu, Mama," Gaspari alijitetea.

"Mtu aliyekula ugali kwenye sahani yangu utotoni mwake wote si ndugu?"

Kosta Rika nayo ikaenda. Fides, dada yake Gaspari aliyeishi Columbus, Ohio, alizisikia habari hizi akacheka mpaka simu ikamponyoka. Kisha ndiye aliyewatafutia Belize. Alisema hajawahi kumsikia mtu yeyote, wa kanisani wala wa kazini, akiitaja.

"Belize ni nchi au ni dawa ya kikohozi?" mama aliuliza. Hakumtaja mtu.

Gaspari alikata simu, akamnyanyua Spés akamzungusha chumba kizima. Jioni zile zilikuwa tamu. Waliona mapango ambamo mtu huketi juu ya boya na mto ukamchukua gizani. Waliona msitu wenye chui, na Spés akasoma mara mbili kwamba chui wale ni wagumu kuonekana, akasema hiyo ndiyo aina ya chui anayoipenda. Alikwenda kwenye maduka ya mtaa wa Grant akanunua kofia pana ya majani, akawa anaivaa akiosha vyombo.

Jumapili iliyofuata mama akapiga simu.

"Belize yuko Kayumba," alisema.

"Kayumba yupi?"

"Kayumba. Ndugu yetu."

"Wa upande gani?"

"Upande wa... mbali."

"Basi tupe namba yake."

"Simu yake imetumbukia majini."

Spés aliivua kofia, akaiweka juu ya friji. "Sasa naanza kuamini," alimwambia mumewe, "kwamba hata tukienda motoni tutamkuta shemeji mlangoni, anauliza tumembebea nini."

Sikukuu ya Shukrani walikutana wote Columbus kwa Fides, kwa kuwa ni katikati. Gaspari na Spés walifika kwa gari. Mama alikuja na basi kutoka Louisville, mapajani amepakata sufuria ya maharage kana kwamba Ohio hakuna maharage. Walikula kuku na wali na ndizi za kupika, wakashiba. Ndipo Spés akamgeukia mama mkwe wake kwa sauti ya adabu kabisa.

"Mama, huyu Kayumba tusiende kwake mikono mitupu. Anavaa viatu namba ngapi?"

"Ana miguu ya kawaida," mama alisema, akipanga upya mifupa kwenye sahani yake.

"Na watoto anao?"

"Wawili." Akafikiri. "Hapana, watatu. Mke wake alijifungua."

"Mke wake ni mwenyeji wa wapi?"

Mama alitazama dirishani, akatazama kuku, akamtazama Fides. Hapakuwa na msaada popote.

"Kayumba nimemuumba mwenyewe," alisema.

Fides aliinuka akaenda kuchekea jikoni. Gaspari aliuficha uso kwa mikono. Spés hakucheka. "Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nani atawapokea?" mama alisema, sasa kwa ukali. "Mnashuka kwenye ndege, hakuna mtu. Mnakumbuka tulivyofika Louisville? Aliyepaswa kutupokea alikosea ndege. Tukakaa pale uwanjani."

"Lakini Mama, ile siku ilikuwa nzuri!" Gaspari alisema. "Mimi na Fides tulipanda zile ngazi za umeme mpaka kizunguzungu."

"Ninyi mlikuwa mnapanda ngazi," mama alisema. "Mimi nilikuwa natazama mlango."

Miaka yote Gaspari alikuwa akiisimulia siku ile kama kichekesho, na mama alikuwa akimwachia aisimulie.

Spés alifuta mikono, akafungua kompyuta, akampa Fides namba ya nyumba ya wageni waliyoichagua Belize. Simu ikapokelewa na mwanamke mchangamfu aitwaye Dorla. Fides aliuliza kama kuna mtu wa kuwapokea wageni uwanja wa ndege. Dorla akasema yupo: yeye mwenyewe, na gari lake.

"Muulize ni mtoto wa nani," mama alisema.

"Mama, mtu hamuulizi hivyo mwenye hoteli."

"Muulize."

Fides akauliza. Dorla, badala ya kushangaa, alianza kueleza: baba yake mvuvi, mama yake mwalimu, bibi yake bado hai na mkali. Mama akataka kujua kama anasali. Anasali. Kama ameolewa. Aliolewa, akamrudisha mume kwao. Mama akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema wanaume ni mtihani. Fides akatafsiri, na kicheko cha Dorla kikatoka kwenye simu kikajaa meza nzima. Waliongea muda mrefu kuliko mama alivyowahi kuongea na Spés.

"Mwambie," mama alisema mwishoni, "huyu kijana wangu haogi maji baridi. Na mke wake asipande boti ndogo."

Basi ikawa Belize, mwezi wa Februari. Tiketi walizinunua pale pale mezani. Gaspari alijaza majina yao, kidole kikafika kwenye kitufe cha mwisho, na mama akamshika mkono.

"Kwanza tuombe."

Wakafumba macho. Mama aliiombea ndege, rubani, na mke wa rubani ili asimuudhi asubuhi hiyo. Aliiombea mito na boya. Alimwombea Dorla, na mume aliyerudishwa kwao. Alipofika "Amina", Gaspari alifumbua macho akakuta ukurasa umejifunga kwa kukaa muda mrefu bila kuguswa, na kila kitu kimefutika.

Alianza kujaza upya, herufi moja moja.

"Safari hii, Mama," Spés alisema, "tuombe huku tumefumbua macho."

"Haya," mama alisema, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. "Lakini andika haraka."