Kunguru Aliyeitwa Padiri

Kila Mwalimu Hyacinthe alipopita ufukweni Rumonge na ndege wake begani, wanawake waanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, walimtania kwa neno lile lile: "Kunguru hafugiki, Mwalimu!" Naye alicheka tu, akawajibu kwamba hamfugi, ila wamezoeana. Alimwokota akiwa kinda, ameanguka kutoka kwenye mchikichi nyuma ya shule, akamlea kwa uji na makombo. Kwa ajili ya ile kola nyeupe shingoni, akamwita Padiri.

Mzigo wa kumlisha ulimwangukia Mwavita, mmoja wao, kwa kuwa uwanja wake wa kuanikia ulipakana na shule. "Mimi na msikiti wangu, leo nalisha padiri," alinung'unika, na huku mkono wake umeshachagua ndagala nono.

Ndege huyo alikuwa na akili za kuudhi. Ndagala ikiwa imekauka mno, hakuimeza. Aliibeba hadi kwenye bakuli la maji ya kunawia, akaichovya, akasubiri ilainike, kisha akala kwa raha zake. Kunguru wenzake wakimtazama, alijifanya anafukia samaki mchangani mbele yao, kumbe samaki bado yumo kooni, na akienda kumfukia kweli ni kule walikokuwa hawaoni. Mwavita aliwahi kucheka mambo hayo mpaka akakaa chini.

Wanawake wa pwani ile wana dawa yao ya kunguru. Mmoja akifa, wanamtundika kwenye mti katikati ya uwanja, na wenzake hawatui hapo tena. Mwavita naye alikuwa na wake akining'inia, mpaka Mwalimu alipomsihi amtoe.

"Dada Mwavita, hawa wanashika sura," alimwambia. "Mutu wakimuona amebeba maiti ya mwenzao, hawamusahau. Hata miaka ipite."

Mwavita alimtoa, zaidi kwa kumstahi Mwalimu kuliko kwa kuamini. Kumbe hakupata hasara. Padiri aliufanya uwanja ule kuwa wake, akawafukuza kunguru wengine kwa wivu, na ndagala za Mwavita zikawa salama kuliko za jirani yake Kadidja, ambaye bado alitundika.

Kisha ukaja mwisho wa Aprili ya 1972. Waasi waliua watu mjini, wanajeshi wakaja kuwalipiza watu wa kabila lao, na kuua kukaendelea. Walimu wa kabila hilo waliitwa mmoja mmoja, na waliokwenda hawakurudi. Hyacinthe hakungoja kuitwa. Alfajiri moja alisimama mlangoni kwa Mwavita, viatu mkononi. Mwavita alimvuta ndani.

Mumewe Amissi, mvuvi, alimficha chini ya mtumbwi wa zamani uliofudikizwa mchangani, ukingoja kuzibwa nyufa. Angemvusha hadi ng'ambo ya ziwa, nchi jirani, lakini mwezi ulikuwa mkubwa. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna anayevua, maana ndagala hufuata taa gizani tu, na mtumbwi wowote ziwani ungeonekana kama inzi kwenye maziwa. Ilibidi wasubiri giza, wavuvi warudi majini na taa zao, Amissi ajichanganye nao. Siri ikawa ya watu watatu.

Kwa bahati mbaya, kulikuwa na wa nne. Padiri alimtafuta mtu wake shuleni, akamtafuta nyumbani kwake, halafu akatua juu ya ule mtumbwi na kuanza kugonga mbao kwa mdomo. Ko, ko, ko. Alijuaje, Mungu ndiye anajua. Mwavita alimfukuza, akarudi. Akamtia kwenye tenga na kufunga kifuniko kwa kamba. Padiri akalivuta fundo uzi kwa uzi mpaka likalegea. Akaweka jiwe juu ya kifuniko. Ndege akachomoa fito za chini, akatoka na kwenda moja kwa moja kugonga.

"Muchinje," Amissi alisema. "Huyu atatuua sote."

"Mutoto wa mutu nimuchinje, na baba yake iko anasikia pale chini?"

Amissi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki.

Wanajeshi walikuja asubuhi moja jua likiwa limeshapanda, wanafuata ufukwe, wanapekua vibanda na kupiga teke matenga. Mwavita alikuwa ameinama anageuza ndagala. Nyuma yake akasikia: ko, ko, ko. Padiri alikuwa juu ya mtumbwi, anagonga, anainamisha kichwa kusikiliza, anagonga tena. Mwanajeshi mmoja akasimama. Akaugeukia mtumbwi, akatazama.

Mwavita alikimbilia uwanja wa Kadidja. Maneno ya Mwalimu aliyakumbuka vizuri, na alijua anachokwenda kupoteza, lakini hakuwa na nafasi hata ya kujifunika uso kwa kitenge. Alimng'oa kunguru mfu wa Kadidja kwenye mti wake, akarudi amemshika miguu, mabawa yananing'inia, akamtupa juu ya mtumbwi mbele ya macho ya Padiri.

Padiri alitoa sauti ambayo Mwavita hakuwahi kuisikia kwake. Akaruka. Kunguru wa ufukwe mzima wakaitika, wakaja wengi, wakamzunguka Mwavita kichwani kwa makelele, wanamshukia na kupanda, mmoja akamparua utosini.

"Mama, ndege wanakuua!" mwanajeshi alisema, akicheka, amejikinga kichwa kwa mkono.

"Wananimalizia ndagala, afande!" Mwavita alipiga kelele. "Natundika hii wakimbie!"

Wanajeshi wenzake nao walicheka. Kinyesi kikamdondokea mmoja begani, akatukana, akawahimiza watoke pale. Wakaenda zao kuelekea bandarini. Mwavita alibaki amesimama chini ya makelele yale, damu inamtiririka sikioni, analia bila kujificha. Hakulia kwa sababu ya kidonda.

Giza la mwezi lilipofika na wavuvi kurudi majini, Amissi alimvusha Mwalimu. Kabla ya kupanda, Hyacinthe alimshika Mwavita mikono yote miwili.

"Murakoze, dada, asante sana. Na Padiri? Simusikii tena akigonga."

"Iko salama," Mwavita alisema. "Nitamulisha."

Kulisema kulikuwa rahisi. Tangu siku ile, kila alipotoka nje, Padiri alikuwa juu ya paa, anamfokea. Alimfuata sokoni anamfokea, kisimani anamfokea, mpaka watu wakaanza kuuliza Mama huyu alimkosea nini ndege. Alimtupia ndagala nono, hakushuka. Alimwita kwa jina. Ndiyo kwanza alizidisha kelele. Kunguru hafugiki, Kadidja alimwambia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ni kwa bahati tu Mwavita aligundua njia. Siku moja, moyo umechoka, aliweka ndagala kando ya bakuli la maji, akaketi kuipa mgongo, akitazama ziwa. Makelele yakakoma. Akakaa hivyo hivyo, shingo inamuuma kwa hamu ya kugeuka, na hakugeuka. Kesho yake akafanya vile vile, na kesho yake tena, ikawa ndiyo desturi yake ya kila asubuhi.

Asubuhi moja Amissi alirudi kutoka kuvua, akamkuta ameketi hivyo.

"Tulikutana na watu wa ng'ambo kule katikati ya ziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu anakusalimia. Anauliza Padiri kama iko anakula. Nimurudishie neno gani?"

Mwavita aliinua mkono kumnyamazisha. Nyuma yake, kwenye bakuli, maji yalitikisika kidogo. Ndagala ilichovywa, ikaachwa ilainike, ikachovywa tena.

"Muambie anakula," alisema, bila kugeuka.